Tuzime Kelele Zetu Kwanza



Katika mdahalo wa wiki ya tatu ya muhula huu ilitolewa hoja kwamba redio ya masafa mafupi iliyo katika maabara ya fizikia iuzwe, na waya wa antena uteremshwe kutoka mwembeni, kwa kuwa redio hiyo haina kazi tena. Walioiunga mkono hoja walitoa sababu tatu. Ya kwanza, redio haisikii kitu ila mngurumo na mikwaruzo. Ya pili, mtu wa leo akitaka kusema na rafiki aliye ng'ambo hupiga simu tu. Ya tatu, fedha zitakazopatikana zitanunua mipira na jezi. Kura zilipohesabiwa, hoja ikapita. Lakini kura za mdahalo si amri, na Mkuu wa Shule bado hajatoa neno lake. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika gazeti letu niseme niliyo nayo moyoni kabla shule haijafungwa.

Nasema hivi: redio yetu si mbovu, wala si kiziwi. Sisi wenyewe ndio tuliojaza kelele masikioni mwake, na sisi ndio tuwezao kuziondoa. Kuiuza kwa sababu hiyo ni sawa na kufukia kisima kwa sababu watoto wametupa takataka ndani yake. Mwenye akili hutoa takataka kwanza, kisha huwafunza watoto.

Si vibaya nianze kwa kueleza tunazungumza juu ya kitu gani, maana siku ya mdahalo niliona kwamba wengi wetu tulipiga kura juu ya jambo tusilolijua. Watu wa redio ya ridhaa ni watu kama sisi, wenye kazi zao nyingine za kuwapatia riziki. Wamepewa leseni na serikali za nchi zao, aghalabu baada ya mtihani, ili warushe sauti zao au milio ya Morse hewani kwa kujifunza na kwa kupenda tu, bila ya malipo yoyote. Hapa Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na majina ya mwito huanza na 5H. Ya Kenya huanza na 5Z, na ya Uganda 5X. Zamani za utawala wa Waingereza Tanganyika ilikuwa VQ3, na Unguja VQ1. Redio yetu ya shule ni ya kupokea tu. Hatuna leseni ya kurusha, nasi hatujapata kurusha hata neno moja. Kazi yetu ni kusikiliza, kuandika daftarini jina la mwito tulilolisikia, saa na masafa, kisha kutafuta katika ramani mahali alipo yule mtu.

Huenda mtu akasema kwamba huo ni mchezo wa watoto. Naam, na tutazame basi mchezo huo umeleta nini duniani. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma watu wa ridhaa katika mawimbi ya mita 200 kushuka chini, kwa sababu wakubwa wa siku zile waliamini kwamba mawimbi mafupi hayafai kitu, hayawezi kufika mbali. Waliyatupa kama makapi. Watu wa ridhaa hawakunung'unika sana; walikaa wakayajaribu makapi yale. Desemba 1921 milio kutoka kituo cha ridhaa cha Connecticut, Marekani, ilisikika Ardrossan, Scotland, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Novemba 1923 Léon Deloy aliyekuwa Nice, Ufaransa, akazungumza kwa Morse na Fred Schnell aliyekuwa Marekani, kwa mawimbi ya mita zipatazo 110, kila mmoja akimsikia mwenzake. Kumbe yale makapi yalikuwa ndiyo nafaka!

Na liko jambo lililonigusa zaidi mimi niliye mwanafunzi. Tarehe 18 Oktoba 1924 kijana wa miaka 18, Cecil Goyder, mwanafunzi wa shule ya Mill Hill, London, alizungumza kwa Morse na mfugaji wa kondoo, Frank Bell, aliyekuwa shambani kwake Shag Valley, New Zealand. Yale yalikuwa mawasiliano ya kwanza ya redio ya pande mbili baina ya Uingereza na New Zealand, umbali wa kilomita zaidi ya 18,000, ambao ni karibu nusu ya kuizunguka dunia. Baadaye Brenda Bell, dada yake Frank, aliushika mtambo ule, na mwaka 1927 akawa mtu wa kwanza wa New Zealand kuwasiliana kwa redio na Afrika Kusini. Ndugu zangu, yule kijana alikuwa katika chumba cha shule kama hiki chetu. Je, shule yake ingaliiuza mitambo ili inunue mipira, tungalimsoma leo?

Sasa tuangalie jinsi sauti inavyofika mbali hivyo. Juu ya vichwa vyetu, kuanzia kilomita 60 hivi mpaka kupita kilomita 300, nguvu ya jua huigawa hewa nyembamba ya huko ikawa na chembe za umeme. Tabaka hizo huyapinda mawimbi mafupi na kuyarudisha ardhini, mfano wa mpira unaopigwa ukutani. Yakifika chini, ardhi au bahari huyarudisha juu tena. Mruko mmoja waweza kufika kilomita 3,000 au zaidi kidogo. Kutoka Dar es Salaam mpaka London, kilomita zipatazo 7,500, yatosha miruko miwili au mitatu. Tabaka la chini kabisa huyameza mawimbi ya masafa ya chini wakati wa mchana, na jua likichwa hutoweka. Ndiyo sababu megahezi 7 huchangamka usiku, nazo 14 na 21 hupendeza mchana na jioni. Jua nalo lina miaka yake ya kuchemka na ya kupoa, mzunguko wa miaka kama 11, na Oktoba 2024 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba limeingia katika kilele. Yaani tumeazimia kuuza redio katika miaka ambayo anga limefunguka vizuri!

Lakini wimbi lililoruka mara tatu hufika limechoka. Linapoingia katika waya wa antena huwa ni dogo mno, kama mnong'ono wa mtu aliye upande wa pili wa uwanja. Uwanja ukiwa kimya utamsikia. Watu wakipiga ngoma kando yako hutamsikia, hata masikio yako yakiwa mazima namna gani. Hapo ndipo inapoingia habari ya kelele za umeme.

Kelele ni za namna mbili. Ziko zitokazo kwa Mungu, yaani radi. Sisi wa nchi za joto tunazo nyingi, kwani bonde la Kongo na Ziwa Viktoria ni mahali penye radi nyingi sana kuliko pengi duniani, na mikwaruzo yake husafiri kwa mawimbi yale yale. Hizo hatuna mamlaka nazo. Lakini ziko nyingine zitokazo mikononi mwetu. Chaja ya simu, adapta, taa ya LED, runinga, mtambo wa kubadili umeme wa jua, vyote hivyo aghalabu hufanya kazi kwa kuukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kila sekunde. Kila mkato hutoa cheche za mawimbi zinazopanda mpaka katika masafa ya redio, na nyaya za nyumba huwa antena ya kuzitangaza. Chaja iliyotengenezwa kwa uangalifu ina kichujio ndani yake cha kuzuia uchafu huo usitoke. Chaja ya bei ya kutupa mara nyingi haina. Kichujio kimeachwa ili bei ipungue. Ongeza mota za mashine za kusaga, pikipiki, na kikombe cha nguzo ya umeme kilicholegea, ndipo utajua kwa nini mji hauna kimya.

Jambo hili limepimwa. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano una majedwali ya kelele zitokanazo na watu. Kwa megahezi 7, kelele za mjini huzidi zile za shamba la kawaida kwa desibeli kama 10, ambazo ni nguvu mara 9. Zikilinganishwa na zile za nyika iliyotulia kabisa, huzidi kwa desibeli 24, ambazo ni nguvu mara 250 hivi. Maana yake ni nini? Mtu akirusha kwa wati 10 akasikika vema na mkulima aliye nyikani, itampasa arushe kwa wati 2,500 ili asikike vivyo hivyo na mtu wa mjini. Tazameni jambo hilo: kelele tunapiga sisi, gharama analipa yeye.

Sasa nitasimulia yaliyotupata, hata kama sehemu yake inanitia aibu. Nyuma ya ua wa shule yuko fundi wa kuchomelea vyuma. Kwa mihula miwili chama chetu cha redio kilimshutumu yeye. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya wanachama nikasema kwamba ndiye adui wetu, na usiku mmoja nikapata kile nilichokiita ushahidi. Umeme ulikatika mji mzima. Tukaiunga redio kwa betri ya gari, na lo! Mngurumo ulikuwa umetoweka. Tukasikia watu wa mbali kama kwamba wako bwenini. Nikasema, "Mnaona? Fundi hana umeme, na redio inasikia." Wote wakakubali. Hapana hata mmoja aliyekumbuka kwamba usiku ule sisi pia hatukuwa na umeme.

Aliyelikumbuka ni mwalimu wetu wa fizikia. Wiki ya saba, siku ya Jumapili, duka la fundi likiwa limefungwa kwa kufuli, alitupeleka maabara tukaiwasha redio. Mshale wa kipimo ulisimama kwenye alama ya 8, mngurumo ule ule. Mwalimu hakusema neno. Akaiunga redio kwa betri ya gari, akaomba ruhusa ya kuzima swichi kuu ya shule kwa dakika 10, kisha akaizima mwenyewe. Mshale ukaanguka mpaka 3. Ndipo akatuambia, "Haya, nani adui?"

Tukarudisha umeme chumba kwa chumba, mmoja wetu akiandika alama. Taa mpya za ukumbi wa maabara zilileta kelele. Chaja iliyo stoo ilileta kelele. Lakini iliyoshinda zote ilikuwa ni adapta iliyo chini ya meza ya redio yenyewe, ambayo chama kiliinunua ili kisitumie fedha za mawe ya redio. Tena aliyeshauri inunuliwe ile, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko nyingine dukani, ni mimi. Nyani haoni kundule, wasema wazee, nami siku ile niliyajua maana yake.

Tuliitoa adapta ile, tukatumia mtambo wa zamani wenye transfoma nzito ya chuma uliokuwa unalala kabatini. Taa za ukumbi huzimwa saa ya kusikiliza. Katika nyaya za kompyuta mbovu za stoo tulipata yale mafundo meusi ya feraiti. Tuliyatoa, tukapitisha waya wa chaja ndani yake mara tatu, kwa sababu mizunguko ikiwa 2 nguvu ya kuzuia huwa mara 4, na ikiwa 3 huwa mara 9. Tena tuliisogeza antena mbali na paa la maabara. Baada ya kazi hiyo ya siku mbili, ambayo haikugharimu hata shilingi moja, mshale ulisimama kwenye 4. Jumamosi iliyofuata, saa tatu usiku, tulimsikia mtu wa Afrika Kusini, mwito wake ukianza na ZS, akizungumza na mtu wa Italia juu ya mvua. Habari ya mvua! Lakini vijana waliokuwa pale walinyamaza kama wako msikitini.

Kisha nilikwenda kwa fundi kumwomba radhi. Nilimwamkia, nikamweleza. Alicheka, akaniuliza kama redio yenyewe husikia mpira. Ni kweli kwamba akichomelea, mikwaruzo husikika. Lakini yeye huchoma dakika mbili akaacha. Adapta yetu haikuacha usiku wala mchana.

Ndiyo maana nasema kura ya wiki ya tatu ilipigwa juu ya ushahidi mbovu. Sababu ya kwanza ya wapinzani imekwisha. Redio inasikia. Aliye na shaka na aje Jumamosi.

Wako pia wenzangu chamani ambao hawataki redio iuzwe, bali wanataka wazazi wachangishwe tununue mtambo wa kurushia wenye nguvu nyingi na kuomba leseni. Hao nao siungani nao, angalau kwa sasa. Katika redio, ukitaka kuongeza alama moja tu kwenye kipimo cha anayekusikia, hapana budi uongeze nguvu mara 4. Kutoka wati 100 kwenda 400 ni alama moja. Sisi tumepunguza kelele kwa alama nne bila ya kununua kitu. Hiyo, ikiwa kipimo chetu kinasema kweli, ni kama kwamba kila mtu duniani anayetuita ameongeza nguvu yake mara 250 pasipo yeye kujua. Tena nguvu nyingi humfanya mwenzako akusikie wewe. Haikufanyi wewe umsikie yeye. Watu wa redio wanamwita mtu wa namna hiyo mamba: kinywa kikubwa, masikio madogo. Anaita dunia nzima, dunia inamjibu, naye yumo ndani ya mngurumo wake hasikii, anaita tena. Nadhani sote tumepata kukutana na mamba wa namna hiyo hata nje ya redio.

Waliotangulia katika elimu hii wameshughulika zaidi na masikio kuliko kinywa. Mtumaji wa Morse hutumia upana wa hezi 500 ambapo sauti hutaka 2,400, kwa hiyo msikilizaji wake huchuja karibu sehemu nne katika tano za kelele. Mwaka 2017 Joe Taylor na Steve Franke walitoa njia iitwayo FT8, ambayo kompyuta husikiliza kwa vipindi vya sekunde 15 na kuufahamu ujumbe uliozama desibeli 20 chini ya kelele. Huyo Taylor ndiye aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse, kwa nyota jozi waliyoigundua mwaka 1974 kwa kuisikiliza kwa redio. Mtu wa Nobel ametumia akili yake kujifunza kusikia. Sisi tunataka kujifunza kupiga ukelele.

Nije sasa kwa sababu ya pili, ile ya simu. Simu ni kitu kizuri, nami siikatai. Lakini simu huenda kwa minara na nyaya za watu wengine, na vitu hivyo vina siku zake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ya Tanzania, Kenya na nchi nyingine za upande huu ikadhoofika vibaya. Tabaka za angani hazikuhitaji fundi siku ile. Na liko kubwa kuliko hilo. Desemba 2004 Bharathi Prasad wa India na wenzake walikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, kwa ajili ya kuzungumza na watu wa ridhaa wa mbali. Tarehe 26 likaja tetemeko na mawimbi ya tsunami yaliyofika mpaka pwani yetu. Simu za visiwa zikakatika. Waliacha mazungumzo ya kujifurahisha, wakapitisha habari za walio hai na za waliotafutwa na jamaa zao. Mtambo ulikuwa ule ule wa mchezo. Lakini mtambo huo wafaa nini, ikiwa wale wanaoitwa wamezungukwa na adapta za bei rahisi?

Juu ya mipira sina ubishi mkubwa, maana mimi pia huingia uwanjani. Nasema tu kwamba mpira hudumu muhula mmoja au miwili, na redio ile ina umri kupita wa mwanafunzi yeyote wa shule hii.

Basi tufanye nini? Kwa wanafunzi wenzangu: saa moja ya Jumamosi, taa za ukumbi wa maabara zizimwe, na asiye na haja nazo asiziwashe. Ukiona kifaa kinachonguruma redioni, sema. Usikifungue wewe mwenyewe, wala mtu asipande nguzo ya umeme. Nguzo yenye cheche ni kazi ya mafundi wa umeme, na kuwapa habari ni kulinda nyumba za watu pia, si redio peke yake.

Kwa walimu wetu: ninaomba shule inaponunua taa au chaja, redio ndogo ya mkono ya mawe ichukuliwe dukani, iwekwe karibu na kifaa kikiwa kimewashwa. Ikinguruma, kifaa hicho kirudishwe. Jaribio hilo ni la dakika moja, nalo hata mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliweza.

Kwa wazazi: jaribuni nyumbani. Washeni redio ndogo yenye mawimbi ya kati au mafupi, muizungushe katika vyumba. Mtashangaa kuona ni nani mpiga kelele. Na ikiwa chaja hiyo haina kichujio cha kelele, huenda haina na vitu vingine vilivyoachwa kwa kupunguza bei, vikiwamo vya usalama wa watoto.

Nao wakubwa wanaokagua bidhaa zinazoingia nchini, ningependa wakumbuke kwamba hewa nayo ni mali ya umma. Kamati ya kimataifa ya kuzuia kelele katika redio, CISPR, iliundwa mwaka 1934, na viwango vyake viko. Kinachotakiwa ni kuvipima vifaa kwa viwango hivyo bila ya kuchoka. Anayetupa taka mtoni hushtakiwa. Anayetupa taka hewani haonekani, lakini taka ni taka.

Namwomba Mkuu wa Shule, kwa heshima zote, asikubali redio iuzwe kabla hajaja kuisikiliza mwenyewe. Akija akasikia mngurumo tu, na iuzwe, nami nitakuwa wa kwanza kuuteremsha waya kutoka mwembeni. Miezi michache ijayo sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani na kuondoka. Redio haitanifaa mimi tena. Itamfaa mtoto wa Kidato cha Kwanza ambaye Jumamosi ile alikaa kwenye kiti changu, akavaa vifaa vya masikioni, akaandika kwa mwandiko mbaya sana katika daftari: ZS, saa 3.10 usiku, megahezi 7.

Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye hoja ya kunipinga na aandike katika toleo lijalo, ila aje asikilize kwanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne